Firigisi Ndani ya Mkoba

Nikianza kusimulia kisa hiki huwa nacheka, halafu nikifika katikati sauti hunipotea, kwa hiyo mkiona nimenyamaza msinisukume, ningojeni. Kuna watu walioaibika kwa ulevi, na wengine kwa waume za watu (majina sitaji, tunajuana). Mimi niliaibika kwa sababu ya kutaka kukonda haraka, tena mbele ya kanisa zima, na aibu yenyewe ingekuwa yangu peke yangu ningeshukuru. Haikuwa yangu peke yangu. Ilimwangukia mama yangu, na hakuwa amefanya kosa lolote ila kunipikia.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa mpiga taipu katika ofisi moja mjini Kisii, nimeolewa na Nyakundi, mwalimu mpole asiyejua hata kugombana, na nilikuwa nimenenepa. Tena si ule wa kusema fulani ana mwili mzuri. Nilikuwa nimenenepa kabisa. Asubuhi nakaa, mchana nakaa, saa nne chai ya maziwa na mandazi mawili (matatu kama karani mwenzangu hayupo), jioni obokima, huo ugali wetu wa wimbi, nakata mlima mzima halafu nalala. Lakini kwetu Kebirigo unene huo ulikuwa sifa. Mama yangu, mjane aliyetulea kwa jembe, alikuwa akinishika mkono siku ya soko na kunizungusha mbele ya wanawake wenzake. "Mtazameni Kemunto wangu," anasema, "huko alikoolewa wanakula." Nami nacheka na kugeuka wanione vizuri, maana kwetu mwanamke akikonda watu hawaulizi anaumwa na nini, wanauliza mume wake ana shida gani.

Basi kichwa kikaanza kuniuma kila asubuhi, ngazi za ofisi zikanishinda, nikaenda hospitali. Sista mmoja mzee mwenye miwani akanipandisha kwenye mizani, akautazama mshale, akanitazama mimi, akautazama tena mshale kama mtu asiyeamini. Akasema presha imeanza kupanda. Nikamwomba dawa ya kukonda, akacheka mpaka akavua miwani.

"Dawa iko jikoni kwako na kwenye miguu yako," akasema. "Chai unatia sukari vijiko vingapi?"

"Vinne, sista."

"Anza na vitatu. Mwezi ujao viwili. Kama ulizoea kukata matonge kumi, kata saba, na mahali pa yale matatu weka mboga, chinsaga na managu. Kazini nenda kwa miguu na urudi kwa miguu. Na usikae njaa, mama, nasema tena, usikae njaa. Mwenye njaa anapungua leo, kesho kutwa anajilipiza. Jipe mwaka mzima. Na ukishapungua usiseme nimemaliza, endelea hivyo hivyo mpaka uzeeke, la sivyo mwili utarudi ulikotoka, njia unaijua."

Hayo ndiyo maneno aliyonipa, bure, na kama ningeyafuata leo nisingekuwa na hadithi. Lakini mwaka mmoja, jamani! Mimi nilikuwa na wiki tatu.

Sababu ya wiki tatu ilikuwa gauni. Nyakundi alikuwa ameenda Nairobi kwenye mkutano wa walimu akaniletea gauni la buluu, la mikono mifupi, zipu ubavuni, zuri ajabu, ila alikuwa amelinunua akimkumbuka msichana aliyemwoa, siyo mwanamke aliyemwacha nyumbani. Lilifika mapajani likakataa. Na baada ya wiki tatu kanisa letu la Kebirigo, la Wasabato, lilikuwa linafunguliwa upya baada ya kuezekwa mabati, na mimi nilikuwa nimeombwa nisimame mbele nitoe salamu za wanawake wa kanisa la mjini. Nilijiona nimesimama pale ndani ya buluu ile, watu wote wakinitazama. Kutazamwa nilitazamwa, hilo nilipata.

Nikaanza. Asubuhi maji ya moto na ndimu. Mchana chungwa. Jioni supu ya kabichi isiyo na chumvi, na Nyakundi ananitazama juu ya sahani yake. Kazini nikawa napiga barua nazirudia, herufi zinaogelea. Kiunoni nilijifunga leso nikaikaza hata kupumua nikawa napumua kwa zamu. Lakini wiki ya tatu, siku ya Alhamisi, gauni lilipita, zipu ikapanda ikilia njia nzima, nikajitazama kwenye kioo nikasema, sista mzee hajui kitu.

Ijumaa mchana nikasafiri kwenda kwa Mama nilale huko, tuamke pamoja kwenda kanisani.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo kosa lilipo. Mwaka ule mvua ilikuwa imetudanganya na wimbi la Mama lilikuwa limetoka kidogo sana, kikapu kimoja tu juu ya dari, alichokuwa anakilinda kwa mbegu. Nilipofika nilimkuta amepiga magoti kwenye jiwe la kusagia, anasaga wimbi lile lile. Na kuku wake mmoja aliyekuwa akitaga, yule mweusi, hakuwepo tena uani. Alikuwa chunguni.

Mama aliponiona aliacha kusaga. Hakufurahi. Akanishika mashavu kwa mikono yenye unga.

"Kemunto, umekonda. Nyakundi hakulishi?"

"Ananilisha, Mama."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi leo utakula nikuone."

Ningemwambia nini? Kwamba ule mwili aliokuwa akijivunia sokoni, sista ameukataa? Kwamba nimejifunga leso tumboni kwa ajili ya zipu? Kama ningekuwa na akili ningesema, "Mama, nimeambiwa nipunguze, nikatie kidogo." Sentensi moja. Lakini nilijua angeniuliza, tungebishana, angelia, na mimi kesho nina gauni. Nikaamua kumdanganya kidogo tu, kwa mlo mmoja. (Nyie chekeni tu.)

Tukala mapema, jua la Ijumaa halijatua, maana Sabato ikiingia jiko linapumzika. Akaniwekea obokima mzima, wa moto, unanukia, na paja, na juu yake akaweka firigisi. Nikashtuka. Firigisi kwetu ni ya mwenye nyumba, ni ya mwanamume, na tangu Baba afariki sikuwahi kumwona Mama akimpa mtu.

"Mama, hii si yangu."

"Baba yako hayupo," akasema. "Ndugu zako wako mbali. Wewe ndiye uliyekuja. Kula."

Halafu akatoka kuwaingiza mbuzi. Naye alipotoka tu, mimi, mtoto niliyezaliwa na mwanamke yule, nikakata tonge kubwa nikalitia kwenye kitambaa ndani ya mkoba wangu. Akarudi. Nikatafuna mate. Akatoka kuchukua maji, nikatia lingine, na paja. Akarudi akaona sahani imepungua, uso wake ukang'aa, jamani, ule uso! "Kumbe ulikuwa na njaa hivi!" akasema, akanikatia tena. Kadiri nilivyoficha ndivyo alivyoongeza, naye akawa anapunguza wake ili mimi nitoshe. Firigisi niliitia mwisho. Usiku mkoba wangu ulikuwa mzito kama wa mkunga.

Nilikuwa na nia ya kuvitupa. Lakini nitupe wapi? Uani pangeonekana asubuhi. Chooni? Wimbi, chooni? Hata mimi na wazimu wangu wa gauni sikuthubutu, wimbi kwetu halitupwi ovyo. Nikasema kesho njiani nitajitenga kidogo vichakani. Kesho ikafika, Mama akanishika mkono kutoka mlangoni mpaka kanisani hakuniachilia, anamsalimia kila tuliyekutana naye, "Bwakire, bwakire, huyu ni Kemunto, ndiye atakayesema leo." Nzi wawili walitusindikiza njia nzima. Kichwani alikuwa amebeba chungu kilichofunikwa majani ya mgomba, obokima mwingine kutoka kwenye kikapu kile kile, kwa ajili ya chakula cha pamoja baada ya ibada.

Kanisa lilijaa. Mabati mapya yalikuwa yamepashwa na jua, joto likawa linashuka juu yetu, na mimi tumboni nina ndimu. Nikaitwa. Nikasimama mbele na mkoba begani, nikasema, "Nimewaletea salamu za wanawake wenzenu wa mjini, ambao wanasema," na walisema nini hadi leo sijui, maana hapo mabati yakaanza kuzunguka na watu wakaenda mbali, nikasikia zipu ikipasuka kutoka kwapani mpaka kiunoni, nikaanguka.

Nilizinduka nimelala sakafuni, leso yangu ya tumboni iko nje kila mtu aione, na aliyeniinamia ni Mama Zakaria, jirani yetu, mwanamke mwenye roho nzuri na mdomo usio na kufuli. Alikuwa anatafuta kitambaa anifute jasho. Akafungua mkoba, akakiona kitambaa, akakivuta.

Matonge yakaanguka. Paja likaanguka. Firigisi ikabiringika ikasimama karibu na miguu ya mzee wa kanisa.

Hakuna aliyecheka. Laiti wangecheka! Kanisa zima lilinyamaza, mpaka mabati yakasikika yakilia juu kwa jua. Nanyi mnajua kwa nini, ingawa si jambo la kusema kwa sauti. Kwetu mtu akikificha chakula alichopikiwa, asikile, hiyo ni kusema anamwogopa aliyempikia. Na ukimwogopa mwanamke kwa chakula chake, umeshamwita jina moja tu, mchawi. Sasa huyu si jirani anayeficha, si mke mwenza. Ni mtoto wa tumbo lake. Kama binti mwenyewe haogopi kulala kwa mama yake lakini anaogopa kula, ana analolijua.

"Nyasae, Mungu wangu," Mama Zakaria akasema polepole, akikitazama kile kitambaa. "Kemunto, huu si obokima wa mama yako?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Mbona hukula?"

Hapo ndipo ningemwokoa. Ningesema mbele ya wote, jamani, nilitaka kukonda niingie kwenye gauni, nimekaa na njaa wiki tatu, ndiyo maana nimeanguka. Wangecheka wafe, na Mama angecheka nao, akanichapa. Lakini nilimwona mzee wa kanisa, nikawaona wasichana niliosoma nao, nikaiona leso yangu imelala pale, nikaona aibu. Nikanyamaza. Nilifumba macho nikajifanya bado nimezimia.

Nikamsikia Mama anakuja. Nilifumbua jicho kidogo. Alipita katikati ya watu, nao wakawa wanampisha zaidi ya inavyohitajika kumpisha mtu. Hakunitazama. Aliinama akaiokota firigisi kutoka sakafuni, akaifuta vumbi kwa pindo la leso yake, akaitia mdomoni. Akaitafuna. Ilikuwa ya jana, ngumu, akaitafuna muda mrefu akiwa amesimama mbele ya kanisa lote, kila mtu aone anavyomeza. Akameza. Halafu akarudi akaketi mahali pake.

(Ngojeni kidogo.)

Baada ya ibada vyungu vilipangwa nje. Watu walikula kila chungu. Chungu cha Mama alikibeba kurudi nyumbani kama alivyokileta, majani ya mgomba hayajafunguliwa. Na mimi, Nyakundi alikuja kunichukua Jumapili, na njiani nilipomweleza yote akasema, "Gauni si ningekununulia lingine?" Nilitamani anitukane, ingekuwa nafuu.

Nilipofika Kisii nilikula. Nilikula kama mtu aliyefungiwa, mikate, mihogo, sukari ya kulamba kwa kidole, nikilia na kula, na kabla mwezi haujaisha nilikuwa nimerudi pale pale kwenye mizani ya sista na kuzidi. Alikuwa ameniambia. Njia mwili ulikuwa unaijua.

Na kule kwetu habari zilikuwa zinatembea bila mimi. Watoto wa jirani waliokuwa wakipita kwa Mama wakitoka shule, awape ndizi mbivu, wakaanza kupitia njia ya mtoni. Wanawake aliolima nao wakawa wanakuja na vyakula vyao. Hakuna aliyemtukana, wala aliyemgusa, Mungu ashukuriwe, wengine kwa maneno machache kuliko hayo wamechomewa nyumba. Waliacha tu kula kwake. Na mama yangu alikuwa mtu ambaye akila peke yake chakula hakishuki.

Nilirudi Sabato ya tano. Safari hii nilivaa gauni langu kuukuu la kijani, nikasimama mbele, nikasema yote. Nikawaambia uzito wangu. Nikawaambia ndimu, kabichi, leso, zipu, mlo mmoja wa uongo. Nikasema, "Mama yangu alinipa firigisi ya baba yangu nikaitia kwenye mkoba kwa sababu ya majivuno. Hana kosa." Walicheka, ndiyo, mzee wa kanisa alicheka mpaka akakohoa. Nikafurahi, nikajua yameisha.

Tukarudi nyumbani mimi na Mama, tukaketi. Nilikuwa nimewaalika watu waje, Mama Zakaria alikuja, na wengine wawili. Walikula kidogo, kwa adabu. Waliobaki walisema wana safari. Mama akatazama mlango mpaka jioni.

"Wanasema mtoto mwema humfunikia mama yake makosa," akaniambia. "Ungeyasema siku ile, ukiwa bado umelala chini, wangeamini. Leo umekuja umejipanga."

"Nisamehe, Mama."

"Nilishakusamehe. Lete sahani."

Nikaleta. Akakata obokima, na kabla ya kunipa akamega tonge dogo upande wa kwangu, akachovya kwenye mchuzi wangu, akala mwenyewe, akimeza kwa makini. Halafu akanisogezea.

"Nimeonja," akasema. "Kula bila wasiwasi."

Nikamwambia Mama, mimi si mgeni, mimi sijawahi kukuogopa, usionje kwa ajili yangu. Na tangu siku hiyo, kila nilipokwenda, mwaka baada ya mwaka, aliionja sahani yangu kwanza. Aliionja mbele ya wageni, aliionja tukiwa wawili tu. Watoto wangu walipokua waliona ndivyo bibi yao anavyopakua, wakaanza kuigiza kwenye michezo yao, mmoja anaonja mwingine anakula. Watu wa kule nao polepole walirudi, njaa na miaka husahaulisha, hata watoto wa shule wakarudi kwenye ndizi. Yeye hakurudi.

Mimi nilirudi kwa sista, na safari hiyo nilimsikiliza. Kijiko kimoja, halafu kingine. Matonge saba, halafu sita, na mboga pembeni. Kwa miguu kwenda kazini na kurudi, mvua ikinyesha naenda na mwavuli. Sikulala njaa hata siku moja. Ilinichukua karibu miaka miwili, na mnavyoniona ndivyo nilivyobaki, mpaka leo natembea. Na kila nilipokwenda kwa Mama nilisema kwa mdomo wangu, "Mama, saba tu," naye anahesabu, anakata saba, anaonja, ananipa. Ilikuwa rahisi namna hiyo tangu mwanzo.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya sabini aliugua, tukamlaza hospitali. Siku moja alasiri nilikuwa nimekaa naye peke yetu, kitanda cha pili kitupu, nikamletea ndizi mbivu kutoka mgomba wake mwenyewe, ule wa nyuma ya nyumba. Hakuwa anakula tena, siku ya tatu maji tu. Nikamenya moja nikaishika mkononi, nikawaza labda ataonja kidogo. Akanyoosha mkono, ule mkono umebaki mifupa, akaichukua. Nikafurahi, nikasema afadhali Mama anakula.

Akang'ata ncha kidogo sana, akahangaika kuimeza, machozi yakamtoka kwa kumeza. Halafu akanirudishia.

"Mama, mbona?" nikamwuliza. "Hapa hakuna mtu."

"Hujala tangu asubuhi," akasema. "Nimeonja. Kula."

Nikaila yote mbele yake, na nyingine, na nyingine, mpaka aliposinzia. Nimeapa, na watoto wangu nimewaapisha, kwamba chakula cha mtu ukikikataa kikatae kwa mdomo, akusikie, akasirike akikasirika. Mama hakuamka vizuri tena baada ya siku ile. Ndizi zilizobaki niliziweka kwenye mkoba nikarudi nazo nyumbani, tukazila wote.